Barua ya Kovu

Mkono wa Bi Hind ulikuwa mwepesi, hilo hata adui yake angelikubali. Ulifumua msuko wa kwanza, ukafumua wa pili, ukachovya katika mafuta ya nazi yaliyotiwa yasmini, na kila ulipopita nyuma ya sikio la Mwanamkuu, binti wa watu alijiona mtoto anayebembelezwa. Ndiyo desturi ya ukoo wao. Siku saba kabla ya ndoa, mama wa bwana harusi huja kwa kina biharusi, akamfumua mkwewe nywele kwa mkono wake mwenyewe na kuzipaka mafuta. Wenye adabu huita kumkaribisha mwari. Wenye midomo huita kukagua bidhaa.

Walikuwa uani kwa Mzee Mrisho Fikirini, mtaa wa Msimbazi, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo, asubuhi saa nne. Mwanamkuu alikaa mkekani, mgongo wake kwenye magoti ya Bi Hind. Zeina, dada wa bwana harusi, ameshika bakuli la mafuta. Bi Siti, mama mzazi wa Mwanamkuu, alikuwa akivipanga vikombe vya kahawa ambavyo tangu alfajiri vilikwisha pangwa. Wanaume walikuwa nje barazani: Mzee Mrisho, na Hashil, bwana harusi mwenyewe, aliyewasindikiza mama na dada yake.

Bi Siti alikuwa na hofu, na ilimwonekana mpaka kwenye vidole. Mwanamkuu hakuwa nayo hata chembe. Yeye alijua kwamba wanajua.

Mkono wa Bi Hind ukafika utosini, ukasimama.

Tuuache hapo hapo kidogo, tuseme ulichokigusa.

Miaka mitatu nyuma, Mwanamkuu akiwa na miaka kumi na saba, utosi wake ulianza kumwasha, kisha kumchoma kama uliopakwa pilipili. Nywele zikatoka mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Majirani wakasema ni mapunye. Bi Siti hakukaa kitako, na mama gani angekaa? Alisugua kitunguu thaumu. Alisugua mrututu, ule wa buluu wa kuchomea vidonda, mpaka binti akapiga kelele za kusikika sokoni. Alimwagia mafuta ya moto. Akaletwa mganga, akasema ni pepo aliyekaa kichwani na anataka kilemba chekundu, na kilemba kikatafutwa. Kila dawa ilipokwisha upara ulikuwa umepanuka, na ngozi yake imekuwa laini, inang'aa kama kisahani. Hapo mtaa ukahama kwenye mapunye ukaenda kwenye ukoma. Mashoga wawili wakaacha kunywa maji nyumbani kwao.

Aliyeutoa ukoma kichwani mwake alikuwa Melkiori, dresa wa zahanati, mtu wa bara aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alimchoma kwa pini juu ya upara na pembeni ya upara, na kila mara Mwanamkuu aliruka. Mwenye ukoma haruki hapo, Melkiori alisema. Kisha akaangalia kwa kioo cha kukuzia, akaangalia tena, akamwita daktari wake, na daktari naye akasema ugonjwa huu ni wa nadra, ameuona mara mbili tu tangu aanze kazi. Hauambukizi. Chanzo chake hakijulikani. Melkiori alibaki nyuma akamweleza binti taratibu: mapunye hukata unywele na tundu lake hubaki, ukiyatibu nywele hurudi. Huu wake hula shina lenyewe, na tundu likazibwa na kovu.

"Mlango uliozibwa kwa saruji," alisema, "hata ubishe hodi mwaka mzima, hatoki mtu."

"Kwa hiyo hazirudi?"

"Zilizokwenda hazirudi, dada. Sitakudanganya. Lakini pembeni bado panawaka, na panapowaka pana la kufanya."

La kufanya lilikuwa dogo na gumu. Mrututu basi. Mafuta ya moto basi. Misuko ya kubana mpaka macho yanavutika, basi. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, malhamu nyeupe ya kikopo, na subira. Mwanamkuu alikuwa mshona kofia za viua, na kila mwezi ulipoandama aliuzungushia upara uzi wake wa kushonea akatia fundo, aone umekua kiasi gani. Ilikuwa sasa miezi minane fundo halijasogea. Alilia siku moja kwa zile ambazo hazitarudi, akalia vizuri, akamaliza. Haya ikamtoka siku hiyo, na mahali pake ikaingia hasira, na kusema kweli hasira ilimkaa vizuri zaidi.

Kofia hizo ndizo zilizompeleka dukani kwa Hashil bin Ghanim, duka alilorithi kwa marehemu baba yake. Hashil alikuwa akiinua kila kofia kwenye mwanga wa mlango ahesabu viua, na akipotea hesabu, kwa sababu macho yake yalivuka kofia yakaenda kwa mshonaji. Aanze upya. Apotee tena. Kofia moja ilikuwa ikimchukua nusu saa, na Mwanamkuu, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote mwingine duniani, alisimama akangoja.

Posa ilipokuja, Mwanamkuu alimwambia baba yake aandike barua ya kuwaarifu habari za kichwa chake. Mzee Mrisho alisema muuza embe haonyeshi upande uliooza.

"Mimi si embe, Baba. Na mficha uchi hazai."

Barua ikaandikwa, kwa khati za Kiarabu kama wazee wote walivyoandika. Jibu likarudi baada ya siku tatu: wameridhia. Mwanamkuu aliliweka jibu lile kifuani. Alimpenda Hashil tangu zile kofia, lakini siku hiyo ndiyo alimwamini, kwa sababu wanajua, naye anajua, na bado anamtaka.

Sasa turudi kwenye mkono.

"Hii nini?" Bi Hind aliuliza.

"Ndilo kovu lenyewe, mama," Mwanamkuu alijibu bila kugeuka.

"Kovu gani?"

Maneno mawili tu, na Mwanamkuu akajua kwamba hawajui. Zeina aliliweka bakuli chini, akajifuta mafuta kwa ncha ya kanga, kidole kimoja kimoja. Bi Hind alikwisha simama. Alisema aliyasikia ya mtaani akayaita husuda, kumbe lisemwalo lipo. Alisema amekuja na mafuta yake na moyo wake mweupe akatiliwa maradhi mkononi, na mwanawe hatalaza kichwa kwenye mto mmoja na ugonjwa usiojulikana. Bi Siti alimshika miguu akaomba wasikilizane. Hilo ndilo lililomwinua Mwanamkuu mkekani, na nywele zake zikiwa wazi, na utosi wake ukiwa wazi.

"Mama, simama. Hatujaiba cha mtu." Akachomoa pini kwenye kofia aliyokuwa akiishona, akamnyoshea Bi Hind. "Wanaosema ni ukoma nimewasikia. Mwenye ukoma hasikii hapo. Nichome."

Bi Hind hakuipokea. Aliyeipokea ni Zeina, ambaye alikuwa na miaka kumi na tano na hakuwahi kupewa nafasi nzuri kama hiyo. Alichoma. Mwanamkuu akaruka.

"Kaumia, Mama," Zeina alitoa taarifa.

"Nyamaza wewe." Lakini sauti ya Bi Hind ilikuwa imeshuka kidogo. "Na kama si ukoma, ndiyo mtufiche?"

"Hatukuficha. Tuliwaandikia."

"Mliandika majivuno." Akafungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekuja nayo makusudi amtanie Bi Siti, maana Bi Siti ndiye mkwe mwenzake na utani ulikuwa halali yao. Tangu posa iende, jamaa zake walimwambia binti wa Msimbazi si kufu ya mtoto wa Ghanim. Asili mbali, daraja mbali, na watu huoana na kufu yao. Kisha ikaja barua hii. Aliijua kwa moyo, akaisema bila kuifungua. "Binti yetu ana kufu, tumeona mjue kabla ya ndoa. Mkiridhia, karibuni."

Kusema kweli alikuwa ameyapenda majivuno yale. Alisema moyoni kuwa hawa ni watu wanaojua thamani yao, akawanyamazisha jamaa zake kwa barua hiyo hiyo.

Bi Siti alimtazama kwa mshangao, kisha akamwita mumewe. Mzee Mrisho alikuja mpaka kwenye pazia la ukumbini, Hashil nyuma yake, na barua ikapitishwa chini ya pazia. Ikasikika kikohozi. Ikasikika karatasi ikigeuzwa.

"Nimeandika kovu," Mzee Mrisho alisema.

"Imeandikwa kufu."

"Kovu, Bi Hind. Kafu, wau, fe, wau."

"Na kufu nayo si kafu, wau, fe, wau?" Bi Hind aliuliza.

Kila aliyekaa chuo cha Kurani akachapwa kiboko na mwalimu alilielewa jambo hilo papo hapo. Khati ile haina ve, tunaandika fe. Haina o, tunaandika wau. Mwandishi asipotia irabu juu ya herufi zake, kovu na kufu ni mtu na pacha wake, na msomaji humchagua amtakaye.

Bi Siti alianza kucheka, cheko la mtu aliyetolewa kamba shingoni. Mzee Mrisho akajilaumu kwa sauti: uvivu wa irabu, uvivu wa kalamu, kosa lake yeye. Bi Hind alikaa, ijapokuwa ukingoni mwa kiti. Alisema kosa la kalamu si kosa la mtu, na neno la udanganyifu amelirudisha, ingawa la kovu bado analo rohoni na watalizungumza. Mambo yangeweza kuishia hapo. Vikombe vingemiminwa kahawa, na mwaka mzima watu wa Msimbazi wangekicheka kisa hicho.

Mwanamkuu ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa akiufikiria ushungi wa hariri. Hashil alimpelekea wiki mbili baada ya barua, pamoja na neno kwamba hariri haisugui. Wakati ule lilimwingia moyoni kama asali. Sasa alijiuliza: mtu aliyesoma kufu, amejuaje kuwa pana kitu cha kusuguliwa?

"Bi Hind," alisema, "barua yetu aliisoma nani?"

"Hashil. Macho yangu yana ukungu, mwanangu, sioni herufi."

Hashil, ambaye nusu ya mtaa walimletea barua zao awasomee. Mwanamkuu alijitanda kanga kichwani, akaenda kwenye pazia, akaliinua.

Alikuwa pale pale, hatua moja. Mrefu, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, kichwani kofia aliyoishona yeye. Walitazamana. Mwanamkuu alikuwa ameota mara nyingi namna watakavyotazamana wakiwa karibu hivi, na katika ndoto zake hakuna hata moja ambayo Hashil aliinamisha macho.

"Ulisomaje?" alimuuliza.

Angeweza kusema kufu. Njia ilikuwa wazi, wazee wenyewe walikwisha mlimia.

"Kovu," Hashil alisema.

Nyuma ya Mwanamkuu kiti cha Bi Hind kililia. "Njia ya mwongo fupi," mama alisema taratibu, na uchungu wake ulisikika. "Nami ndiye uliyenifanya kipofu, Hashil?"

"Nisamehe, Mama. Niliogopa." Akamgeukia Mwanamkuu. "Nilijua Mama akilisikia neno hilo la kwanza, hatasikia la pili wala la tatu. Nikaona herufi zile zile zinasomeka jambo jingine ambalo nalo ni kweli. Nilisoma kufu kwa sababu ndivyo ulivyo kwangu. Sikuona kovu lolote la kunizuia, wala silioni leo."

Neno zuri. Kama Mwanamkuu angekuwa msichana mwingine angeshusha pazia akalie kwa furaha. Alimpenda wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda. Ndiyo maana alikasirika.

"Wewe hulioni," alisema. "Mimi ninalo. Mimi ndiye niliyekaa pale kwa raha zangu, nikidhani nimekaribishwa, mkono wa mama yako ukaja kunikuta uchi. Uliyeficha ni wewe, aliyeaibika leo ni mimi. Miaka mitatu watu wananifunika, Hashil. Mama kwa mrututu, mganga kwa kilemba, na wewe kwa kufu. Nani kati yenu aliyeniuliza kama nataka kufunikwa?"

Hashil aliivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilitoa neno langu lisomwe. Umelisoma lako."

Bi Siti alimwita kwa jina, akimwonya. Bi Hind naye, kwa sababu alikuwa mama na alikuwa na haki, aliuliza swali lililobaki. Je, kovu hilo litashuka kwa watoto?

"Daktari alisema hajui, mama, na mimi sijui. Siwezi kukuahidi nisilolijua." Mwanamkuu aligeuka amtazame. "Ninaloweza kukuambia ni kuwa nywele hizi hazisukwi kwa kubana, hazipakwi cha moto, na ukitaka kuzigusa tena utazigusa hivyo. Ukilichukia kovu, lichukie likiwa wazi. Sitalivalia ushungi ndani ya nyumba yangu."

Kisha akamrudia Hashil.

"Sisi tuliandika aibu yetu. Yenu bado. Nyumba yenu imeposa bila kuandika hata mstari mmoja, kana kwamba mwanamume huzaliwa bila dosari. Kaa barazani. Andika yako. Ukimaliza, baba yangu ataniuliza kama naridhia, na nikisema hapana, mtachukua mafuta yenu mrudi nayo."

Mzee Mrisho alifungua mdomo. Halafu, labda kwa sababu alikumbuka ile embe, akaufunga, akaenda chumbani akaleta kalamu, wino na karatasi.

Hashil alikaa barazani mbele ya wapita njia wote wa Msimbazi. Wauza ndizi waliokuwa wakienda sokoni walipunguza mwendo. Uani, Zeina alichungulia kwenye upenyo wa mlango akaarifu kwamba anaandika, kwamba amekata, kwamba anaandika tena, na mara hii mama yake hakumnyamazisha. Mwanamkuu alisimama nyuma ya pazia, kanga imekazwa kidevuni. Aliogopa. Hakuna aliyejua kiasi alichoogopa, maana Hashil akiandika upuuzi, akiandika sifa zake kwa kujifanya mnyonge kama wanaume wanavyojua, itabidi aseme hapana kwa mtu pekee ambaye yeye aliwahi kumngoja nusu saa.

Mzee Mrisho alinyosha mkono apokee karatasi.

"Asome mwenyewe," Mwanamkuu alisema. "Kwa sauti, Bi Hind asikie."

Hashil alisimama. Kupitia upenyo wa pazia Mwanamkuu aliiona karatasi: juu na chini ya kila herufi, hata zile ambazo mtoto wa chuoni asingekosea, irabu zilikuwa zimejaa.

"Mimi Hashil bin Ghanim ni mwoga," alisoma. Muuza ndizi mmoja akasimama kabisa. "Nilimdanganya mama yangu kwa kumwogopa, nikamwaibisha mchumba wangu kwa kuwaogopa watu. Nina tabia ya kulikwepa neno gumu na kusubiri lijipitie. Nimeona mjue kabla ya ndoa. Mkiridhia, niko hapa barazani."

Akaishusha karatasi. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya, na hakuukinga.

Ndani, Bi Hind alishusha pumzi ndefu. "Hiyo ni kweli tupu," alisema. "Tangu mdogo. Alivunja birika langu la shaba mpini, akalificha chini ya kitanda mwaka mzima." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba kwa upande wake yeye bado hajaridhia.

"Utaridhia kwa wakati wako, mama," Mwanamkuu alisema. "Leo naulizwa mimi."

Mzee Mrisho alikuja karibu na pazia. Alimtaja mwanawe kwa jina lake na jina la baba yake kama ipasavyo, akamuuliza mbele ya waliokuwapo: amesikia aibu ya mtu huyu, je, anaridhia kuolewa naye?

Kwa watu wetu mwari aulizwapo swali hilo hainui sauti. Huinama akanyamaza, na kimya chake ndicho ridhaa. Akina mama wote uani walikwisha inamisha vichwa, wakingojea kimya hicho.

Mwanamkuu alilivuta pazia mpaka mwisho wa waya wake.

"Nimeridhia," alisema, na wauza ndizi wa Msimbazi wote walisikia.